Askofu aliyewakatalia wafalme wawili: uchambuzi wa kisa cha Thomas Ken wa Bath na Wells

Kwa nini kisa hiki

Kasisi mmoja alinijia na barua mkononi. Jina lake, dayosisi yake na nchi yake sitavitaja. Uchaguzi wa askofu kwao ulikuwa umepingwa mahakamani, na makasisi wote walikuwa wametakiwa kutia saini tamko la kumtambua askofu mpya kabla kesi haijaisha. Asiposaini, nyumba ya kanisa anayoishi na mkewe na watoto ingepewa mwingine. Askofu wa zamani hakuwahi kumtendea mema, kwa hiyo hakumlilia. Lakini alikuwa amemwapia utii mbele ya madhabahu siku aliyowekewa mikono. Akaniuliza: "Mwalimu, kiapo huisha lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimpa kisa cha Thomas Ken akasome, na tangu siku hiyo nimekitumia mara nyingi ninapokaa na makasisi na wazee wa kanisa. Mambo ya Ken yako katika kumbukumbu za wazi kwa zaidi ya miaka 300, kwa hiyo majina ya zama zake nimeyaacha yalivyo. Ya kasisi wangu nimeyaondoa yote, isipokuwa neno moja alilolisema baada ya kusoma, nalo nitalileta mahali pake.

Usuli

Ken alizaliwa mwaka 1637 huko Hertfordshire, Uingereza. Wazazi wake walifariki akiwa bado mdogo, akawa karibu sana na dada yake wa baba mmoja, Anne, aliyeolewa na mwandishi Izaak Walton. Alisoma Winchester, kisha New College, Oxford. Alikuwa na miaka 11 Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa Januari 1649. Kufikia siku hiyo Bunge lilikuwa limekwisha kupiga marufuku Kitabu cha Sala na kukifuta cheo cha askofu. Ibada ambayo mtoto huyu alizaliwa ndani yake ilikuwa imegeuka kuwa jambo la kufanyiwa chumbani, milango ikiwa imefungwa.

Ufalme uliporudi mwaka 1660, kanisa na maaskofu wake walirudi pamoja nao. Kizazi cha Ken kilitoka katika miaka ile na somo lililowaingia mpaka kwenye mifupa: waliomnyanyulia mfalme silaha ndio waliolivunja kanisa. Makasisi wakafundisha kwamba mfalme akiamuru jambo ovu, Mkristo asilitende, ila pia asimwinulie mkono. Akatae, kisha aipokee adhabu. Msomaji alishike fundisho hili kwa mikono miwili, kwa sababu asiyelishika atamwona Ken kama mtu wa kigeugeu, kesho huku, keshokutwa kule, ilhali mtu huyu hakusogea hata hatua moja.

Kwa tabia alikuwa mtu wa sala, aliyelala kidogo na kuamka mapema, na hakuoa. Mwaka 1674 aliandika kitabu cha sala kwa ajili ya wanafunzi wa Winchester. Baadaye kiliongezewa tenzi zake za asubuhi, jioni na usiku wa manane. Ubeti wa mwisho wa tenzi hizo, ule wa kumsifu Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, unaimbwa duniani kote hadi leo, na wengi wanaouimba hawajawahi kusikia jina lake.

Kabla ya uaskofu alikuwa amekwisha kuonyesha alivyo. Kati ya 1679 na 1680 alikuwa kasisi wa Binti Mfalme Mary huko The Hague, Uholanzi. Mary alikuwa binti wa James, mdogo wake mfalme, na mke wa William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi. Bwana mmoja wa jamaa ya William alikuwa amemharibia sifa msichana wa nyumba ya Mary, na Ken akamshawishi amuoe. William alikasirika mpaka akatishia kumfukuza. Ken akasema yuko tayari kuondoka. Aliombwa abaki, akabaki kwa muda, kisha akarudi kwao. Mwaka 1683 Mfalme Charles wa Pili alikwenda Winchester na msafara wake, na nyumba ya Ken ikapangiwa hawara wa mfalme, Nell Gwyn. Ken alikataa kumpokea. Mwaka uliofuata kiti cha uaskofu cha Bath na Wells, katika Somerset, kilipobaki wazi, mfalme mwenyewe ndiye aliyesema apewe yule mtu mfupi mweusi wa nywele aliyemnyima Nelly mahali pa kulala. Charles alikuwa na maovu mengi, ila alimtambua mtu mkweli alipomwona.

Mfululizo wa matukio

*Kitanda cha mfalme, jukwaa la kukatia kichwa*

Ken aliwekwa wakfu tarehe 25 Januari 1685. Kabla ya wiki mbili kutimia Charles alikuwa amekufa. Katika siku za mwisho Ken alikuwa kando ya kitanda, akimhimiza atubu na kumwomba apokee ushirika mtakatifu. Mfalme alikwepa. Usiku wa tarehe 5 Februari padri Mkatoliki aliingizwa kwa siri na kumpokea katika Kanisa la Roma. Kiti kikamwendea mdogo wake, James wa Pili, Mkatoliki asiyejificha.

Majira ya joto mwaka huohuo Duke wa Monmouth, mtoto wa nje wa Charles, alishuka magharibi mwa Uingereza na jeshi la wakulima na wafumaji wa nguo kutwaa kiti. Alishindwa Sedgemoor tarehe 6 Julai, ndani ya dayosisi ya Ken. Ken alikuwa mmoja wa makasisi wanne waliosimama naye tarehe 15 Julai alipopelekwa kukatwa kichwa. Walimbana mpaka dakika ya mwisho akiri kwamba kumwasi mfalme ni dhambi. Waliosoma habari hiyo baadaye wamewalaumu kwa kumsumbua mtu aliyekuwa na dakika chache za kuishi, na mimi mwenyewe naisoma kwa uchungu. Lakini nairudia kwa sababu nyingine. Ken alikuwa amelitamka fundisho lile mbele ya shingo ya mtu. Baada ya siku ile halikuwa tena kwake jambo la vitabuni.

Kisha akarudi Wells. Magereza ya Somerset yalikuwa yamejaa waasi waliosubiri kunyongwa au kusafirishwa utumwani visiwa vya mbali. Askofu aliyemwambia kiongozi wao kwamba uasi ni dhambi akawa ndiye anayewatembelea mchana na usiku, kuwalisha kwa fedha yake na kuwahimiza wengine watoe.

*Tamko la 1688*

Mwezi Aprili 1688 Mfalme James alitoa upya tamko lililositisha sheria zote za kuwaadhibu Wakatoliki na Waprotestanti walio nje ya kanisa la taifa, na akaamuru lisomwe makanisani. Msomaji wa leo anaweza kushangaa: uhuru wa ibada una ubaya gani? Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Wapo waliopinga kwa chuki tupu dhidi ya Wakatoliki. Lakini maaskofu waliokusanyika Lambeth kwa Askofu Mkuu Sancroft waliandika wazi kwamba hawakosi upole kwa walio nje ya kanisa lao. Walichokataa ni mfalme kusimamisha sheria za nchi peke yake bila Bunge, kisha kuwafanya makasisi wawe midomo ya kulitangazia taifa jambo hilo.

Jioni ya Ijumaa tarehe 18 Mei maaskofu sita, Ken akiwamo, walivuka mto Thames kwenda ikulu ya Whitehall na ombi mkononi. Sancroft, wa saba, alikuwa amezuiwa kufika ikulu. Mfalme alisoma, akabadilika uso, akasema hii ni bendera ya uasi. Jibu la Ken linakumbukwa: tunakuheshimu, lakini tunamcha Mungu. Anayejua Biblia ya Kiswahili atausikia Waraka wa Kwanza wa Petro humo: "Mcheni Mungu. Mpeni heshima mfalme." Ken hakutunga kitu. Aliurudia mstari ambao James mwenyewe asingethubutu kuukana, na kuuacha ufanye kazi.

Jumapili ilipofika, makanisa ya London yaliyosoma tamko lile yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Tarehe 8 Juni maaskofu saba walishtakiwa kwa maandishi ya uchochezi. Walikataa kujidhamini, wakapelekwa Mnara wa London kwa mashua, na watu wakapiga magoti kando ya mto kuomba baraka. Askari walinzi nao waliomba. Kesi ilisikilizwa Westminster Hall tarehe 29 Juni, na majaji wanne wakagawanyika katikati. Wazee wa baraza la hukumu walifungiwa usiku kucha. Inasimuliwa kwamba aliyewachelewesha ni mtu mmoja aliyekuwa na zabuni ya kuitengenezea bia nyumba ya mfalme, akiogopa kupoteza mteja. Asubuhi ya tarehe 30 walitoka na jibu moja: hawana hatia. Kelele za furaha zilitoka ukumbini zikafika mitaani, na usiku London iliwaka mioto ya shangwe.

Siku hiyohiyo watu saba wengine, mmoja wao akiwa Askofu Compton wa London, walitia saini barua ya siri ya kumwita William wa Orange aje na jeshi. Jina la Ken halimo.

*Kiapo cha 1689*

William alishuka Torbay tarehe 5 Novemba. Kufika mwisho wa Desemba James alikuwa amekimbilia Ufaransa. Kwa hesabu ya mtaani Ken alikuwa upande ulioshinda. Aliyemfunga ameondoka, na anayekuja kuwa malkia ni Mary, binti aliyemhudumia kiroho kule The Hague. Askofu shujaa wa Mnara wa London angeweza kuomba chochote.

Badala yake, mwishoni mwa Januari 1689, katika Baraza la Malodi, alipiga kura ya kumbakiza James kuwa mfalme kwa jina na kumweka kaimu wa kutawala kwa niaba yake. Hoja hiyo ilishindwa kwa kura 51 dhidi ya 49. William na Mary wakatawazwa. Ikapitishwa sheria kwamba kila askofu na kasisi awaapie utii kufikia tarehe 1 Agosti. Asiyeapa asimamishwe, na baada ya miezi sita avuliwe.

Ken alisitasita. Rafiki yake George Hooper, aliyekuwa amekwisha kuapa, alijadiliana naye usiku na mchana. Ken alimjibu kwamba hana shaka Hooper na wengine wameapa kwa dhamiri safi sawa na yeye atakavyokataa, na kwamba mara nyingine hoja zake zimekaribia kumshinda. Kisha akamsihi asiendelee, maana akikubali leo na kujuta kesho, atakuwa mtu mwenye taabu kuliko wote duniani.

Hakuapa. Wenzake wanne kati ya wale saba wa Mnara walikataa pia: Sancroft, Turner wa Ely, White wa Peterborough, na Lake wa Chichester, ambaye alifariki Agosti 1689 kabla ya kuvuliwa. Wawili, Lloyd wa St Asaph na Trelawny wa Bristol, waliapa. Nchi nzima walikataa makasisi wapatao 400.

Uamuzi na sababu zake

Swali ambalo kila darasa huuliza ni hili: aliyemkatalia James kwa ushujaa namna ile, iweje akatae kumwacha?

Jibu limo katika namna alivyokataa mara ya kwanza. Mwaka 1688 Ken hakusema James si mfalme. Alisema kuna maneno ambayo mfalme hawezi kuyatia kinywani mwa kasisi. Alipokataa, alijitoa akamatwe. Mwaka 1689 wakuu wapya walitaka kinywa kilekile kiseme maneno mengine, kwamba utii alioapa kwa James umehamia kwa mtu mwingine ilhali James yu hai. Waswahili husema ahadi ni deni. Kwa Ken kiapo kilikuwa deni alilodaiwa na Mungu, na mdhamini wa deni hilo kukimbilia Ufaransa hakukulipa.

Walioapa walikuwa na hoja nzito pia. Nchi haiwezi kukaa bila serikali, na mfalme aliyetupa muhuri wa dola mtoni na kukimbia ameacha kazi kwa mikono yake. Mtume Paulo anasema mamlaka iliyopo imewekwa na Mungu, hasemi mamlaka iliyokuwapo. Mimi nikisoma hoja hizo naona zina nguvu. Na naona pia kwamba Ken aliziona, ndiyo maana alimwomba Hooper anyamaze. Hakukataa kwa sababu alikuwa na hakika kupita wenzake. Alikataa kwa sababu, akiwa na shaka, aliona kuapa ni kosa lisilorudishika, na kutokuapa ni hasara inayobebeka.

Matokeo

Serikali haikuwa na haraka. Ilikuwa mwaka 1691 kiti chake kilipopewa mwingine. Wa kwanza kupewa, William Beveridge, alikataa kukalia kiti cha mtu aliye hai. Wa pili, Richard Kidder, akakubali. Ken alitangaza katika kanisa kuu la Wells kwamba yeye bado ndiye askofu halali, kisha akatoka. Aliuza vitu vyake ila vitabu, akapata pauni 700, akazikabidhi kwa rafiki yake wa tangu Oxford, Lodi Weymouth, ambaye naye akawa anamlipa pauni 80 kila mwaka na kumpa vyumba katika jumba lake la Longleat. Humo aliishi miaka 20.

Mwaka 1694 baadhi ya maaskofu waliovuliwa waliwaweka wakfu maaskofu wapya kwa siri, ili mgawanyiko usife pamoja nao. Ken hakushiriki na hakupendezwa. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, nami nitalirudia.

Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Novemba 1703 upepo mkali usio na mfano uliikumba kusini mwa Uingereza. Dohani za jumba la askofu pale Wells ziliangukia chumba cha kulala, zikawaua Kidder na mkewe. Usiku huohuo Ken alikuwa amelala kwa mpwa wake, kasisi wa Poulshot, na aliandika baadaye kwamba boriti iliyobeba paa juu ya kichwa chake ilikuwa imetikisika mpaka ikabaki imeshikilia nusu inchi tu. Wapo waliotaka kuona humo hukumu ya Mungu. Mimi naona watu wawili waliokuwa wamelala na paa likawaangukia.

Malkia Anne, mdogo wake Mary aliyekuwa sasa kwenye kiti, alikuwa tayari kumrudisha Ken. Ken hakutaka. Alipendekeza Hooper, yule yule aliyeapa, na Hooper alipositasita Ken akamsukuma akubali. Mwaka 1704 akamwachia dayosisi kwa moyo wote, na malkia akampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Baadhi ya wenzake waliokataa kiapo walimwita msaliti. Alipokuwa amebaki peke yake kati ya maaskofu waliovuliwa, mwaka 1710, hakudai tena kitu, na watu mashuhuri kati ya waliojitenga, kama Henry Dodwell na Robert Nelson, wakarudi kusali katika makanisa ya parokia zao. Alifariki Longleat tarehe 19 Machi 1711 na kuzikwa Frome, chini ya dirisha la mashariki, alfajiri jua likichomoza.

Uchambuzi: kilichofaa

Kwanza, kukataa kwake kulikuwa na mpaka. Mwaka 1688 alikataa kulisoma tamko, akaishia hapo; hakuandika barua kwa William, hakuchochea waumini, hakujificha. Mwaka 1689 alikataa kutamka kiapo, akaishia hapo. Nimeona watu wengi wakianza na jambo moja la dhamiri, likawaongoza kwenye la pili, la tatu, mpaka siku moja wanajikuta wana chama, wana mweka hazina, wana maadui wa kurithi, na lile la kwanza hawalikumbuki. Ken alikuwa na njia ya kwenda huko mwaka 1694, tena akisukumwa na marafiki, naye hakuipita. Kama angeweka mkono wake juu ya vichwa vya maaskofu wapya, mgawanyiko ungekuwa na jina lililopendwa kuliko yote.

Pili, hakumhukumu aliyechagua tofauti. Maneno yake kwa Hooper, kwamba nawe umeapa kwa dhamiri safi, ndiyo yaliyowezesha ya mwaka 1704. Urafiki uliopona mwaka 1689 ndio uliokuja kuiponya dayosisi miaka 15 baadaye. Hili huwa nawaomba wanafunzi walisome mara mbili, kwa sababu katika migogoro yetu ya kanisa kitu cha kwanza kufa ni salamu.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Sitaki kumpamba. Alipotangaza pale Wells kwamba yeye ndiye askofu halali, kisha akaondoka kwenda Longleat, aliiacha dayosisi na askofu mwenye kiti asiyekuwa na heshima, na mwenye heshima asiyekuwa na kiti. Hali hiyo ilidumu miaka 12. Kidder alikuwa msomi mzuri wa Kiebrania na si mtu mbaya, lakini kila alipokemea au kuagiza alipimwa kwa kipimo cha mtu aliyekuwa anaishi umbali wa safari ya nusu siku. Ken alimsema kwa ukali katika barua zake. Hapo dhamiri yake ilivuka mpaka niliousifu. Kiapo kilikuwa kinywa chake mwenyewe. Kundi halikuwa mali yake. Alichokifanya mwaka 1704 kwa rafiki, angeweza kukifanya mwaka 1691 kwa mtu asiyempenda, na waumini wa Somerset wangepumua.

Vivyo hivyo kwa Malkia Mary. Alipofariki Desemba 1694, Ken alimwandikia Askofu Mkuu Tenison barua kali kwa kutomhimiza malkia atubu, kabla ya kufa, kwa alivyomtendea baba yake James. Naielewa: yeye mwenyewe alikuwa amemhimiza Charles kitandani bila woga. Lakini Mary alikuwa mtoto wa ibada yake, na barua ile haina hata tone la machozi.

Waliomfuata bila jumba la Longleat

Sasa lile neno la kasisi wangu. Aliporudisha karatasi nilizompa hakusema lolote juu ya Mnara wa London. Alisema: "Mwalimu, huyu hakuwa na mke wala watoto."

Alikuwa amegusa mahali penyewe. Kukataa kwa askofu kuliishia katika jumba la lodi, pauni 80 kwa mwaka na vitabu vyake vyote. Kukataa kwa kasisi wa kijijini kuliishia barabarani. Wale 400 wengi wao walikuwa na familia, hawakujua kazi nyingine, na hawakuwa na rafiki wa Oxford mwenye ardhi. Mfano wa wakubwa kama Sancroft na Ken ndio uliowatia moyo, na gharama ikawaangukia wao na watoto wao kwa uzito usiolingana. Kiongozi anayefikiria kukataa jambo hadharani hana budi kuwahesabu watakaomfuata na kuuliza watakula nini. Nimelisema hili mbele ya maaskofu na nitaendelea kulisema.

Ken aliwahesabu, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1695, pamoja na maaskofu wengine waliovuliwa, alitia saini waraka wa kuomba misaada kwa ajili ya makasisi waliovuliwa, wake zao, watoto wao na wajane. Serikali ya William ilitilia shaka kwamba huko ni kukusanya fedha za uasi, na mwezi Aprili 1696 akaitwa mbele ya Baraza la Mfalme kujieleza. Alikuwa na miaka 58, bila cheo, bila mwanasheria.

Aliwajibu kwa kuwakumbusha mwaka 1685. Wakati wa James, alisema, kulikuwa na wafungwa wapatao elfu moja au zaidi katika dayosisi yake, waliokuwa wameshiriki uasi wa Monmouth. Wengi wao aliamini ni watu wabaya wasio na dini. Hata hivyo aliona ni wajibu wake kuwasaidia, akawatembelea usiku na mchana na kuwapa mahitaji yao, na mfalme ambaye hao walikuwa wamemwasi hakumlaumu hata kidogo kwa hilo. Basi kama aliruhusiwa kuwalisha waasi wa mfalme yule, kwa nini azuiwe kuwalisha makasisi wenye njaa wa huyu?

Wajumbe wa Baraza walimsikiliza, wakamwachia aende zake.